Maulidi ya Amu: mlale mjini au Shela? Mwongozo kamili kwa familia

Mfunguo Sita, yaani Rabiul Awwal, ukiandama tu, watu wa Malindi, Mambrui na Mombasa huanza kuulizana: mwaka huu tukienda Amu, yaani Lamu, kwa Maulidi, tulale wapi? Mmoja ana binamu aliyemwambia Shela, kijiji jirani na mji, kuna nyumba kubwa yenye baraza la baharini. Mwingine ameona chumba cha bei nafuu karibu na Ngome. Wa tatu anataka watoto waogelee, na bibi yao anataka asipitwe na usiku hata mmoja wa kisomo cha msikiti wa Riyadha. Wote wana haki, na ndiyo maana wengi hufunga safari bila ya kukubaliana, kisha ubishi unaanza palepale gatini.

Msimamo wangu nautoa mapema. Mahali pa kulala pachaguliwe kwa saa: ni saa ngapi familia yako itakuwa nje, ni saa ngapi itataka kitanda, na bahari itakuwa katika hali gani saa hizo. Bei ya chumba na uzuri wa picha vije baadaye. Mwongozo huu ni wa mtu anayesafiri na watoto au wazee. Kijana wa peke yake mwenye begi la mgongoni atalala popote na ataamka salama.

Kwanza, andika saa

Chukua karatasi. Usianze na siku za safari, anza na mambo yaliyokutoa kwenu, na kila jambo uliandikie saa zake.

Maulidi ya Riyadha, yaliyoasisiwa na Habib Swaleh, hufikia kilele Alhamisi ya mwisho ya mwezi. Kisomo kikubwa ni cha usiku, baada ya Isha, na hakiishi mapema. Ijumaa kuna ziyara kaburini na zefe, watu wakipita na matwari na mabendera. Siku za kabla ya hapo ndizo za mashindano: mbio za punda, mashua, kuogelea, bao, na ngoma za fimbo uwanjani. Mengi ya hayo huwa mchana na jioni, kati ya ufukwe wa mji, uwanja wa Mkunguni mbele ya Ngome, na mtaa wa Langoni kwenyewe uliko msikiti wa Riyadha. Ratiba hubadilika mwaka hadi mwaka, kwa hiyo mpigie mwenyeji wako wiki moja kabla akusomee ya mwaka huo.

Ukishaandika, tazama karatasi yako. Familia iliyokuja kwa Maulidi hasa itakuta saa zake karibu zote ziko mjini, na nusu yake ni za usiku. Iliyokuja kwa likizo ya watoto, na Maulidi yakawa nyongeza ya usiku mmoja, itakuta saa zake ziko mchangani asubuhi na jioni. Hizo ni safari mbili tofauti hata mkipanda basi moja, na kila moja ina kitanda chake.

Pili, jua umbali wenyewe

Kutoka Amu mjini hadi Shela ni kama kilomita 3. Kwa miguu ni dakika 40 hadi 45 kwa mtu mzima asiyebeba kitu. Njia inafuata ufuo, inatoka Langoni, inapita upande wa Hospitali ya King Fahd, kisha inaendelea na mchanga mpaka Shela. Kwa boti ni kama dakika 10 hadi 15.

Kwenye karatasi hiyo si mbali. Hesabu yake inabadilika unapokuwa na mtoto wa miaka minne aliyelala begani, mama mzazi mwenye magoti mabovu, na saa imeshagonga tano usiku. Hapo kilomita 3 huwa swali la boti, na boti huwa swali la maji.

Tatu, hesabu maji kabla ya kulipa chumba

Hatua hii ndiyo watu wa bara huikosa, na hata sisi tuliozaliwa pwani huisahau tukishazoea barabara za lami. Nitakaa nayo kidogo.

Bahari yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, kila safari ikichukua kama saa sita. Kila siku wakati wa kujaa husogea mbele. Kwa wastani ni kama dakika 50. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu ndipo bamvua linapokuja: maji hujaa sana na kupwa sana. Katikati, mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu, yasiyopanda sana wala kushuka sana. Na katika pwani yetu hii, siku za bamvua maji hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa mnamo saa nne, asubuhi na usiku.

Sasa rudi kwenye tarehe ya Maulidi. Alhamisi ya mwisho ya mwezi wa kuandama haiwi na tarehe moja kila mwaka. Inaweza kuangukia ishirini na tatu, na inaweza kuangukia ishirini na tisa. Tofauti ya siku hizo chache ndiyo inayoamua njia ya Shela.

Ikiangukia tarehe 28 au 29, bamvua liko mlangoni. Maji yatajaa takriban saa tisa na nusu hadi saa kumi jioni. Saa mbili kabla na saa mbili baada ya hapo, sehemu ya njia ya ufukweni inayokaribia Shela inaweza kufunikwa. Hizo ndizo saa ambazo mtu wa Shela anataka kwenda mjini kutazama mashindano. Utaona kina mama wameshika viatu mkononi, buibui limekunjwa hadi magotini, wakisubiri wimbi lirudi nyuma ndipo wakimbie hatua tano wakijibanza ukutani, kisha wasimame tena. Kijana hucheka na kupita. Mwenye mtoto mchanga na mkoba wa nepi hapiti. Kisha usiku, mnamo saa nne, maji yamekupwa kabisa: njia iko wazi lakini ni giza totoro, kwa sababu mwezi wa mwisho wa mwezi hauchomozi mpaka karibu na alfajiri. Gatini nako boti imeshuka chini, ngazi za mwisho zina ukoka wa bahari na zinateleza.

Ikiangukia tarehe 23 au 24, mambo hugeuka. Maji hujaa mnamo saa tano asubuhi au karibu na adhuhuri, na tena mnamo saa tano au sita usiku. Jioni huwa yamekupwa. Kwenda mjini baada ya Alasiri ni rahisi, kwa miguu mkipenda. Kurudi usiku ndiko kunakokutana na maji. Lakini haya ni maji mafu, hayapandi juu kama yale ya bamvua, na boti inakaa karibu na usawa wa gati, jambo ambalo kwa bibi ni rehema kubwa.

Tarehe za kati, 25 hadi 27, kujaa kwa mchana kunakuwa kati ya saa saba na saa tisa. Ukienda mjini baada ya Alasiri utayakuta maji yanashuka.

Hizi ni saa za kukadiria, za kukusaidia kuamua ukiwa bado nyumbani. Ukishafika, muulize nahodha yeyote. Atakujibu bila ya kutazama saa.

Jambo la pili la bahari ni upepo. Mwaka wa Kiislamu unarudi nyuma kama siku 11 kila mwaka wa kalenda ya kawaida, kwa hiyo Maulidi huzunguka misimu yote. Miaka hii, 2025 hadi 2027, Mfunguo Sita unaangukia Agosti na Septemba, na kusi bado linavuma. Kusi linapiga pwani ya Shela usoni: mawimbi upande wa bahari kuu ni makubwa, mchanga unaruka, na mkondo kati ya Shela na Manda unakuwa na vichwa vya maji alasiri. Watoto wataoga, lakini upande wa ndani, karibu na kijiji, na asubuhi. Anayekuja Shela Agosti akitarajia bahari iliyotulia kama ile ya Januari na Februari, wakati wa kaskazi, anunue chumba akijua hivyo.

Nne, tazama magoti ya wazee na usingizi wa watoto

Mji wa Kale wa Lamu uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, na nyumba zake za mawe zimebaki na umbo lake la asili. Ni fahari yetu sote. Kwa mgeni maana yake ni ngazi. Ngazi za nyumba ya mawe ni nyembamba, kila kidato kirefu, mara nyingi bila ya kishikilio, zinapinda gizani mpaka darini. Vyumba vizuri vyenye upepo viko juu. Vya chini vinazunguka kiwanda, yaani ua wa ndani, vina kivuli na ubaridi mchana, lakini usiku hewa yake ni nzito na mbu hawakosekani.

Kwa hiyo mama mzee mjini anatakiwa chumba cha chini chenye choo ndani, hata kama wajukuu watalala juu. Sema hivyo waziwazi unapopiga simu. Usiulize "kuna chumba cha chini?" kwa sababu utajibiwa ndiyo. Uliza: "Kutoka mlango wa nje hadi kitandani kuna vidato vingapi? Na kutoka kitandani hadi chooni?" Mwenye nyumba atalazimika kusimama na kuhesabu.

Shela nako kuna ghorofa na kuna mchanga. Mchanga unachosha mguu wa mzee kuliko ngazi, na kutoka boti inapotia nanga, maji yakiwa yamekupwa sana, huenda mkashuka kwenye maji ya kufika magotini. Vijana wa boti watambeba mzee kwa heshima wakiombwa. Lakini muulize yeye kwanza kama ataridhia kubebwa. Wazee wetu wengi hawataki, na hawasemi.

Kuhusu watoto: usiku wa Maulidi mjini haulali. Vipaza sauti, matwari, watu kupita vichochoroni mpaka usiku wa manane, kisha adhana ya Alfajiri kutoka misikiti mingi kwa pamoja, kisha punda. Mtoto aliyezoea kelele atalala fofofo. Asiyezoea atakuamsha, na siku ya tatu nyumba nzima itakuwa na hasira. Kama una mtoto wa aina hiyo, tafuta mjini lakini mbali kidogo na Langoni, nitakavyoeleza chini.

Na kama kuna mgonjwa wa sukari, presha au pumu katika msafara wenu, kaa mjini, basi. Hospitali kubwa iko upande wa mji, na usiku hutaki bahari iwe katikati yako na daktari.

Tano, pesa: piga hesabu ya siku nzima

Watu hulinganisha bei ya chumba na chumba, hapo ndipo hesabu inapopotea. Linganisha gharama ya siku nzima ya familia.

Tuchukue mfano wa kukisia tu, uweke bei za wakati wako. Familia ya watu watano inalala Shela na kwenda mjini kila jioni. Tuseme boti ya kujaza, ile inayosubiri abiria, ni shilingi 200 kwa mtu: kwenda ni 1,000. Kurudi usiku huwezi kutegemea ya kujaza, utakodi boti nzima, tuseme 2,000. Jumla 3,000 kwa siku, 12,000 kwa siku nne. Kama nyumba ya Shela ilikuwa rahisi kwa 2,500 kila usiku, umeshapoteza 2,000 kabla ya kununua soda. Geuza hesabu kwa familia iliyolala mjini na inayotaka ufuo kila asubuhi: nao watalipa boti kila siku, ingawa zao ni za mchana, na za mchana hujaa haraka.

Ongeza chakula. Mjini utakula kwa bei ya watu wa mjini: mahamri na mbaazi asubuhi, viazi karai, mishkaki, mkate wa mofa kwa samaki, pilau. Siku za Maulidi, aliyefika Riyadha kwa heshima huenda akaalikwa kwenye sinia. Ukarimu wa mji ule haujapungua. Shela mikahawa mingi imewekwa kwa watalii na bei zake zinasema hivyo. Mkilala Shela, chukua nyumba yenye jiko, kisha nunueni samaki na mboga sokoni Amu, karibu na Ngome. Benki na mashine za kutolea pesa pia ziko mjini. Maduka ya M-Pesa yapo kote kuwili.

Sita, ukichagua mjini, chagua mtaa

"Mjini" peke yake haitoshi. Riyadha iko Langoni, upande wa kusini. Nyumba nyingi za kale za mawe zilizofanywa za wageni ziko Mkomani, upande wa kaskazini. Kati yao ni mwendo wa kama robo saa kwa miguu, kwa kufuata Usita wa Mui, njia kuu ya ndani ya mji, au njia ya ufukweni.

Aliyekuja kwa Maulidi na ana mzee, atafute Langoni, hata chumba kikiwa cha kawaida zaidi, kuta zake za matofali na kitanda chake cha duka. Najua wageni wengi wanatamani vidaka vya chokaa ukutani, daka (kibaraza) mbele na kitanda cha samadari. Ni tamanio zuri. Lakini mama anayeweza kwenda kisomoni, akachoka, akarudi kulala kidogo, kisha akarudi tena peke yake bila ya kumsumbua kijana yeyote, huyo amepata Maulidi kamili. Uhuru huo wa mama ndio unaoulipia Langoni, na mimi naupa thamani kuliko nakshi.

Mwenye watoto wepesi wa kuamka aende Mkomani. Kelele zitamfikia zimepoa, na kwenda Langoni usiku ni njia yenye taa, maduka na watu, ambapo hata mtoto akipotea ataulizwa "wewe wa nani?" mara tatu kabla ya kufika kona.

Mitaa ya nyuma na juu, kama Wiyoni, ni nafuu na inafaa kundi kubwa linalotaka nyumba nzima na magodoro. Ulizeni maji. Siku hizo watu wanafurika, na tangi la nyumba yenye wageni kumi na wawili linaisha kabla ya Adhuhuri. Maswali ni haya: tangi lina ujazo gani, linajazwa mara ngapi, na maji yake ni matamu au ya chumvi? Ikumbukwe maji matamu ya mji huu yanategemea visima vya chini ya vilima vya mchanga vya Shela, mvua inayonywewa na mchanga ule. Waambieni watoto wafunge mfereji. Wanaokunywa humo ni wenyeji wenu baada ya nyinyi kuondoka.

Saba, Shela inaposhinda

Nisieleweke kwamba naidharau Shela. Kwa familia ambayo karatasi yake imejaa asubuhi za mchanga, Shela haina mpinzani. Pwani yake inanyooka kama kilomita 12, vilima vya mchanga nyuma, hakuna gari. Mtoto anatoka mlangoni na kufika majini bila ya kuvuka barabara. Kijiji kimetulia, na mnara wa msikiti wake wa Ijumaa, wa mwaka 1829, unauona ukiwa bado botini. Shela ndipo Waamu walipowashinda watu wa Mombasa na Pate, vita vilivyofuatiwa na ujenzi wa Ngome uliokwisha 1821. Mpeleke kijana wako wa shule ufukweni pale umsimulie; historia ya darasani itamkaa vizuri zaidi.

Shela inashinda pia kama mnataka utulivu baada ya Maulidi, kama kuna bibi na bwana harusi wapya katika msafara, na kama mnakuja wakati mwingine wa mwaka kabisa. Ila msisahau kwamba ni kijiji cha Waislamu kama mji ulivyo. Nguo za kuogea ziishie majini, na lesso iwe karibu.

Manda, ng'ambo ya Shela, nzuri kwa kutembea. Kulala huko wakati wa Maulidi ni kujifunga na boti kwa kila kitu, hata mkate. Nendeni kwa siku moja, mkaone magofu ya Takwa, na mpange na nahodha mapema kwa sababu mkono ule wa bahari kwenye mikoko unapitika maji yakiwa yamejaa.

Nane, gawanyeni usiku

Kwa familia yenye pande zote mbili, ushauri wangu ni huu: msilale sehemu moja mkawa mnapanda boti kutwa mara mbili. Gawanyeni. Usiku wa Maulidi laleni mjini, kuanzia Jumanne au Jumatano hadi Ijumaa. Jumamosi asubuhi hamieni Shela kwa siku mbili. Boti ni moja, mizigo inabebwa mara moja, na kila mtu anapata saa zake bila ya kumwibia mwenzake.

Utaratibu huu una faida ambayo wengi hawaioni. Vyumba vya mjini ndivyo vinavyogombaniwa siku za Maulidi, kwa hiyo mnavishika vichache na kwa siku zinazohitajika tu. Baada ya Ijumaa wageni wanaanza kutawanyika, na mwenye nyumba wa Shela ana sababu ya kupunguza bei.

Wapo watakaosema kuhama ni usumbufu. Na mizigo mikubwa, kweli. Chukueni begi moja kwa watu wawili. Vichochoro vya Amu havipendi masanduku ya magurudumu. Hamali mwenye mkokoteni au punda atakufaa, kubaliana naye bei kabla ya kupakia.

Tisa, simu ya kuwekea chumba

Wekeni mapema, mwezi mmoja na zaidi kabla. Mkiwa na jamaa Amu, hata wa mbali, muombeni aende kwa miguu akaione nyumba. Si ombi kubwa, na ataona yale yasiyopigwa picha: mlango wa jirani, harufu ya mtaro, kama jenereta ipo stima ikikatika.

Msio na jamaa, muombeni mwenye nyumba awapigie simu ya video akiwa anatembea kutoka barabarani hadi kitandani bila ya kukata. Muulizeni msikiti ulio karibu naye unaitwaje, kisha muulizeni mtu mwingine wa Amu msikiti huo uko wapi. Jina la mtaa linaweza kupambwa, jina la msikiti ni gumu kudanganya. Tumeni arubuni kwa namba yenye jina lilelile la anayezungumza nanyi, na aandike kwa ujumbe tarehe, idadi ya watu, na kama chakula cha asubuhi kimo. Neno la kuuliza mwisho: mkifika mkakuta chumba si kile, arubuni inarudi? Jinsi atakavyojibu itawaambia mengi kumhusu.

Kumi, siku ya kuwasili na siku ya kuondoka

Kutoka Malindi ni zaidi ya kilomita 200 kwa basi, kwa Garsen na Witu hadi Mokowe, kisha boti. Safirini mchana, basi la asubuhi, kila mtu akiwa na kitambulisho mkononi kwa ajili ya vizuizi vya polisi njiani. Wanaokuja kwa ndege hushukia Manda na kuvuka kwa boti hadi mjini au moja kwa moja hadi Shela.

Mkifika Mokowe, msikimbilie boti ya kwanza kwa kusukumana. Wazee waingie kwanza, wakae katikati, maboya yavaliwe na watoto wote, na boti iliyojaa kupita kiasi muiache iende. Itakuja nyingine.

Hata kama mpango wenu wote ni Shela, usiku wa kwanza ni bora mjini mkifika jioni. Mmechoka, hamjui hali ya maji, na kubadilisha boti na mizigo gizani ni kazi ambayo mnaweza kuifanya asubuhi kwa nusu ya nguvu. Usiku wa mwisho vilevile: mabasi ya kurudi yanaondoka Mokowe asubuhi na mapema, na boti ya kuyawahi inang'oa nanga gati ya mjini. Aliyelala Shela atahitaji boti yake ya alfajiri, aliyoikodi na kuithibitisha na nahodha kwa jina, saa na bei tangu mchana uliotangulia, na namba ya nahodha wa pili mfukoni.